Pepo wa Safu ya Nyuma

Katika kanisa letu kule Mususa, mtaa wa Butembo, bado wako watu wanaosema kwamba nilikuwa na pepo, na kwamba pepo huyo alikuwa na saa yake. Alikuwa akiniangusha siku ya Mungu tu, kati ya wimbo wa pili na mahubiri. Siku nyingine sita aliniacha nifuge kuku wangu kwa amani. Nimewauliza mara nyingi ni pepo gani huyo mwenye ratiba kama mwalimu. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusimuliwa maisha yangu na watu ambao hawakusimama mahali niliposimama.

Nilisimama nyuma. Mimi ni mrefu, na katika korali warefu hawawekwi mbele. Alto tulikuwa tisa, safu ya mwisho, migongo yetu karibu iguse ukuta wa mbao. Nafasi yangu ilikuwa pembeni kabisa, kando ya mlango mdogo uliokatwa katika mbao hizo. Nimeimba alto tangu nikiwa msichana, na sitaki kujisifu, lakini nikikosa mimi, wote wanasikia.

Kazi yangu ni kuku. Nanunua vifaranga vya siku moja, navipasha joto kwa mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, ndani ya chumba chao mpaka viote manyoya, kisha nauza vingine na kubakiza vingine kwa mayai. Butembo ni mji wa baridi, na kifaranga hakijui kuvumilia baridi. Kwa hiyo nusu ya maisha yangu nimeinama juu ya moto ndani ya chumba kidogo, nikiangalia viumbe vidogo vinavyopumua.

Mwaka ule niliokuwa nikianguka, mdogo wangu alikuwa anakaa kwangu. Alikuwa ametoka Kalunguta na mfuko mmoja na mimba changa, na mume wake, anayebeba mizigo kati ya Beni na Butembo, alikuwa akipita kutuona mara moja kwa juma. Kabla ya mimba ile mbili zilikuwa zimetoka, ya pili ikatoka njiani wakati wa kukimbia vita. Alipoona hii ya tatu imekaa, alisimama mbele ya kanisa akaweka nadhiri: Mungu akimlindia tumbo, ataimba katika korali kila siku ya Mungu, bila kukosa hata moja, mpaka siku ya kuzaa. Kwetu nadhiri iliyosemwa mbele ya watu haichezewi. Wakampa nafasi katika alto, karibu nami, kwa sababu sauti yake na yangu zilitoka nyumba moja.

Kanisa lilikuwa jipya. Tulikuwa tumelijenga kwa matofali, bati refu, dari ya mbao nyeupe, madirisha ya vioo visivyofunguka ili vumbi la barabara lisituchafulie viti. Tulilipenda sana. Umeme wa mji ulipokatika, na ulikuwa ukikatika siku ya Mungu kana kwamba umeapa, tulikuwa na groupe, jenereta ya dizeli ya kuendesha mikro, gita na kinanda. Mwanzoni iliwekwa nje, nyuma ya choo. Wezi wakaja mara mbili kuijaribu. Basi shemasi anayelinda vitu vya kanisa akaamua ilale ndani, katika chumba kidogo nyuma ya ukuta ule wa mbao, chini ya kufuli mbili.

Tatizo likawa makelele. Mchungaji alikuwa akihubiri, mashini nayo inahubiri. Shemasi akatafuta dawa, na hapa ndipo naona haya hata leo, kwa sababu dawa hiyo ilitoka nyumbani kwangu. Mtu alikuwa amemwambia kwamba plato za mayai, zile za karatasi nzito, zinameza sauti. Nilikuwa nazo tele. Nikazibeba kichwani mwenyewe, nikamsaidia kuzipigilia misumari, na yale matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya ukuta wa nje tukayaziba nayo, moja juu ya nyingine, mpaka hapakubaki mwanga. Mashini ikawa inanong’ona. Kanisa zima likanipigia makofi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kwamba wakati mwingine umekishona mwenyewe.

Kichwa kilianza kuniuma baada ya hapo. Kilikuwa kinabana kwenye panda za uso, kisha magoti yanalegea, kisha maandishi ya kitabu cha nyimbo yanaanza kuogelea. Nilidhani ni njaa, kwa maana sili kitu kabla ya ibada. Siku ya kwanza nilipoanguka, watu walishangilia. Walisema Roho amenishukia. Nilipozinduka nilikuta mama mmoja ananipepea kwa kitenge, wengine wanapiga vigelegele, na nilikuwa nimetapika juu ya viatu vyangu. Sikuona utukufu wowote katika jambo lile.

Siku ya pili walishangilia kidogo. Ya tatu wakanyamaza. Ya nne mama mkubwa wa kikosi cha maombezi akaniinamia, akaninusa mdomoni, kisha akatangaza kwa sauti ya mtu aliyegundua mwizi.

“Huyu hapana Roho Mutakatifu. Roho Mutakatifu haangushake mutu mara ine na kumutapisha. Huyu mama iko na kintu.”

“Kintu gani?” niliuliza nikiwa chini.

“Ile ya kwenu,” akasema. “Ya ba nkambo.”

Nkambo ni babu zetu. Basi marehemu babu yangu, mtu mpole aliyelima viazi Masereka maisha yake yote, akawa ndiye anayeniangusha kanisani.

Wakanipeleka kuombewa katika chumba cha maombi. Sasa fikiria chumba cha maombi kilikuwa wapi. Kilikuwa upande wa pili wa mashini, kimetengwa nayo kwa mbao zilezile, bila dirisha, na wakafunga mlango ili pepo asitoroke kwa watoto. Wanawake watatu waliniwekea mikono, wakaomba kwa nguvu zote, na mashini ikiendelea kunong’ona. Nikazidiwa. Kadiri walivyoomba ndivyo nilivyolegea, na kadiri nilivyolegea ndivyo walivyoongeza. Mwishowe mmoja wao akaanza kuyumba mwenyewe, akashika ukuta, akasema: “Aah, hii iko na nguvu, inatupiganisha!” Wakanitoa nje wakiwa wamechoka. Nje, penye hewa, baada ya dakika chache nikakaa na kuomba maji. Wakasema wamemshinda, angalau kwa siku ile.

Nakiri kwamba kwa majuma mawili niliamini. Nilifunga. Nilimwomba babu yangu msamaha kwa kosa ambalo sikulijua, kisha nikamwomba Mungu msamaha kwa kumwomba babu. Hofu ikimwingia mtu anakubali lolote.

Kilichonifungua macho ni vifaranga. Asubuhi moja mvua ilipiga tangu alfajiri, na nikafunga dirisha la chumba chao kwa gunia ili maji yasiingie, mbabula ikiwaka. Nikaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo. Niliporudi niliwakuta wote wamejibana mlangoni, midomo wazi, vichwa vimeelekezwa kwenye ufa wa chini ya mlango, na kumi na wawili wamekwisha kufa. Hakukuwa na moshi. Makala yalikuwa mekundu, safi, mazuri. Nikang’oa gunia, nikawabeba wengine nje kwa sanduku, wakaanza kuchangamka mmoja mmoja. Nami nilipoinuka nikasikia kichwa kinabana kwenye panda za uso, magoti yanalegea.

Nilikaa palepale kwenye matope. Kichwa kilekile, magoti yaleyale. Nikawakumbuka alto wenzangu: jinsi walivyokuwa wakijipepea kwa vitabu katika wimbo wa pili, jinsi mmoja alivyozoea kutoka “kukojoa” kila ibada na kurudi na uso mpya. Nikakumbuka kwamba siku umeme wa mji ulipokuwepo sikuwahi kuanguka. Hasira iliyonipata ilikuwa kubwa kuliko woga wote wa majuma yale.

Lakini hasira si ushahidi, na mimi si fundi. Juma lile nilikuwa na safari ya Beni kuchukua chakula cha kuku kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye tumeuziana miaka mingi. Yeye huuza chakula cha mifugo upande mmoja wa duka, na upande mwingine anatengeneza magroupe. Nilimweleza yote, hata habari ya plato za mayai. Aliacha spana yake, akanitazama.

“Mama wa kuku, na bile batu bangali bazima?”

“Bangali.”

“Alhamdulillahi. Mashini inapumuaka sawa mutu, lakini ile inatosha inje ni sumu. Moshi unaiona. Iko ingine yenye haina harufu, haina rangi, njo inauaka. Makala inaitosha, mashini inaitosha. Mulifunga dirisha na mulifunga mulango, basi muliifungia ndani na batu.”

“Na mwanamke mwenye mimba?”

Aliokota spana, akaifuta kwa kitambaa.

“Mutoto anapumuaka kwa damu ya mama,” akasema. “Damu ikibeba ile sumu, mutoto haiko na dirisha ya kufungua. Umutoshe huyo mama leo.”

Nilirudi Butembo na magunia yangu nikijua kitu ambacho sikutaka kukijua. Kwa sababu wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika: nilikuwa nimesimamishwa korali mpaka nitakapofunguliwa, na nafasi yangu, ile ya pembeni kando ya mlango wa mbao, walikuwa wamempa mdogo wangu.

Nilimwambia jioni ileile, tukichambua maharagi. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua.

“Yaya,” akasema, ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, “niliweka nadhiri.”

“Imba mbele. Imba na ba soprano.”

“Sauti yangu haifikake huko, unajua. Na nikiomba kutoka pale watasema nini? Watasema imehama kwako imeingia kwangu. Mara mbili Mungu alininyima, yaya. Sasa nikivunja neno, akininyima ya tatu, nitalaumu nani?”

“Utanilaumu miye.”

“Weye unasemaka hivyo ju uko na kichwa nguvu.”

Nilimuuliza kama kichwa kinamuuma kanisani. Akasema hapana. Alisema bila kunitazama, na mimi, dada yake mkubwa niliyemlea, nikajua.

Nilikwenda kwa shemasi. Nilimwomba afungue kile chumba nitoe plato zangu. Akacheka.

“Mama, ulizitolea Mungu sadaka, sasa unazirudilia?”

Nilimweleza habari ya sumu. Alikuna kidevu.

“Kama iko sumu, mbona siye ba mbele hatuanguke?”

“Ju mashini haiko mbele.”

“Na mbona alto ingine haianguke? Ni weye peke?”

“Waulize kama vichwa haviwaume.”

“Niliwauliza. Bote wanasema hapana.” Akafungua mikono. “Unaona sasa.”

Niliondoka pale. Wanawake wanane walikuwa wameniona nikinuswa mdomoni na kufungiwa chumbani. Nani angesema kichwa kinamuuma baada ya hapo? Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini kilio ambacho kingetufichua sisi kilikuwa cha mama aliyepoteza mimba ya tatu, na mimi sikuwa tayari kukisikia.

Mchungaji alinipokea vizuri. Ni mtu mwema, nasema hivyo bila kejeli. Alisikiliza, akasema atafikiri, akasema kujenga kibanda cha nje chenye usalama kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji mwezi. Kisha akasema jambo alilodhani litanifurahisha: kikosi cha maombezi kimeridhika nami. Siku ya Mungu ijayo nisimame mbele nitoe ushuhuda kwamba Yesu amenifungua, na siku hiyohiyo nirudi katika safu yangu.

Nikafikiri haraka. Ningekubali kusema uongo mdogo ningerudi kando ya mlango, na mdogo wangu angesogea hatua moja tu. Hatua moja haikutosha. Nikasema ndiyo, nitatoa ushuhuda. Sikumwambia upi.

Siku ile umeme ulikatika kabla hata ya sala ya kufungua. Nilisikia shemasi akifungua kufuli, kisha ule mnong’ono nyuma ya mbao. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele, nimevaa kitenge changu cha heshima, na nilikuwa nikimtazama mdogo wangu pembeni kule, mkono mmoja juu ya kitabu, mwingine juu ya tumbo. Wimbo wa kwanza. Wimbo wa pili. Alikuwa amepauka mdomoni. Mchungaji akaniita, na kabla sijafika kwenye mikro, makofi yakanitangulia.

“Bwana asifiwe,” nikasema. Wakaitikia. “Nimeitwa niseme Yesu alinifungua. Nitasema kweli. Hakuna aliyenifungua, ju hakuna aliyenifunga. Siko na pepo, na sikukuwa naye. Nkambo wangu alilalaka Masereka, hana kazi na miye. Kinachoniangusha iko pale nyuma ya mbao, munaisikia. Ile moshi yake inabaki ndani ju matundu yalizibwa, na yalizibwa na plato zangu, miye mwenyewe nilipiga misumari. Hiyo njo dhambi yangu, na hiyo njo natubu. Ile ya pepo sitatubu.”

Mama mkubwa wa maombezi alikuwa amesimama. Nikaona mchungaji akimwonyesha mtu wa mikro ishara ndogo ya mkono, na sauti yangu ikafa katika vipaza sauti. Basi nikaiweka mikro chini. Nimeimba alto miaka thelathini bila kuomba ruhusa ya umeme.

“Mudogo wangu!” nikaita. “Nadhiri ulimuwekea Mungu Nyamuhanga, hukuiwekea mashini. Mungu anasikiaka mpaka inje. Toka pale.”

Hakusogea. Macho yote yalikuwa kwake, na nilijua ni nini hasa nilichokuwa nikimwomba: avue heshima yake mbele ya watu kama mimi nilivyovuliwa. Nikapanda ngazi za korali. Tenori wakanipisha, soprano wakavuta nguo zao nisiziguse. Nilipofika kwake nikamwekea mkono mgongoni. Alikuwa amelowa jasho.

“Yaya,” akasema, polepole, lakini safu nzima ilisikia. “Kichwa inaniuma tangu wimbo wa kwanza. Kila siku ya Mungu inaniumaka. Niliogopa mutasema ni pepo.”

Alto aliyekuwa kando yake, mke wa fundi seremala, akafunga kitabu chake. “Na miye,” akasema. Yule wa kukojoa naye akasema, “Na miye, tangu zile plato.” Wa nne akaanza kushuka ngazi. Nikamshika mdogo wangu kiuno, tukashuka, na alto wote wakatufuata kwa majoho yao ya buluu, katikati ya kanisa, kupita zile ndoo za kunawia mikono zilizobaki mlangoni tangu wakati wa ule ugonjwa wa kuambukiza, mpaka uwanjani.

Tulimkalisha juu ya matofali yaliyobaki ya ujenzi. Akavuta pumzi, akatapika, akavuta tena. Rangi ikaanza kurudi midomoni. Ndani hakukuwa na sauti isipokuwa mashini. Kisha yeye mwenyewe, bila kuombwa, akaanzisha wimbo wa tatu, kwa sababu siku ile ilikuwa siku ya Mungu na nadhiri ilikuwa bado haijatimizwa. Tukaingia naye. Alto peke yake, bila soprano, ni wimbo usio na uso; mtu apitaye barabarani asingeutambua. Tuliuimba hivyohivyo. Mtoto yule sasa anatembea na ananifukuzia vifaranga, lakini asubuhi ile hakuna kati yetu aliyejua kama atafika.

Katika ubeti wa pili mchungaji alitoka, shemasi nyuma yake na funguo mkononi. Alikuwa ameshika kitambaa, anajifuta uso. Alisema kwa upole kwamba watu wanangoja, kwamba tutayazungumza katika kikao, kwamba turudi ndani ili ibada iendelee. Nikafungua mdomo nimjibu, lakini mdogo wangu alinitangulia. Yeye ambaye hajawahi kumjibu mtu mzima tangu azaliwe alimtazama mchungaji akiwa amekaa vilevile juu ya matofali.

“Hatuingie, Baba Pasteur,” akasema. “Mutoshe mashini inje kwanza. Niko na mutoto.”

Kisha akaanza ubeti wa tatu.